Msemaji wa Bambo Nampuntha

10 Novemba

Tumepangiwa kliniki ya msaada wa sheria, na mimi nimewekwa pamoja na Twaibu Mdala. Ningewekwa na mtu yeyote mwingine darasani ningeshukuru. Twaibu anacheka tangu asubuhi mpaka taa zizimwe, na tangu mwaka wa kwanza ananiita "Wakili wa Ng'ombe" kwa sababu nimetoka Rumphi, kaskazini mwa nchi, ambako mwanamume hutoa ng'ombe ndipo apewe mke. Yeye ni Myao wa hapa hapa Zomba. Huku mume ndiye anayehamia kijijini kwa mke, na jambo hilo hata leo naliona limegeuzwa miguu juu.

Kliniki yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya maktaba, na benchi nje. Sisi wa mwaka wa nne tunasikiliza watu na kuandika. Mama Chikapa, mhadhiri wetu ambaye pia ni wakili, anasoma, anakata kwa kalamu nyekundu, anatia sahihi. Asiyepita kliniki hahitimu.

14 Novemba

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mwenye kikohozi. Aliona neno kliniki akaingia kutafuta dawa, na Twaibu akampa maji na kiti mpaka akapata nguvu ya kwenda hospitali.

19 Novemba

Leo nimepata kesi ya kweli! Mteja anaitwa Lyson Nampuntha, fundi mwashi, mtu wa Phalombe aliyeoa kijiji cha Namilonje, upande wa Domasi. Mkewe alifariki wakati wa baridi. Wamebaki yeye na binti yao, Eneless, mwenye miaka tisa.

Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia juu ya goti. Nikamkaribisha, nikafungua ukurasa mpya. Akaanza kunisimulia siku alipoenda kuposa, nani alikwenda naye, kuku gani waliliwa. Twaibu alikuwa anaitikia "enhe, enhe" kama yuko kahawani. Nikaona tutakesha.

"Baba, samahani," nikasema. "Kwa kifupi, wakwe zako wanataka nini?"

"Wanataka nitoke. Shemeji yangu Msosa amesema mahindi mabichi yakianza kuchomwa nisiwepo."

"Na nyumba alijenga nani?"

"Mimi. Matofali nilifyatua mwenyewe, nikachoma mwenyewe."

"Basi, Baba. Sheria iko upande wako."

Akanitazama kidogo. "Ndiyo, binti yangu. Lakini shida yangu mimi, mjomba wangu naye alishakufa, na kaka zangu wako Joni, migodini ng'ambo, kwa hiyo hapa nilipo..."

Nikampa pole ya mjomba, nikamuuliza vyumba vya nyumba ni vingapi. Nimeandika kurasa nne. Darasani maswali huja yamesafishwa, mteja hasemi lolote zaidi ya linalotakiwa; leo nimeona kazi halisi ni kumsafisha mteja mwenyewe. Nimeridhika sana na nilivyofanya.

2 Desemba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wametoka, jikoni bwenini wanakaangwa na chumvi. Nimekula mpaka nimeona aibu.

5 Desemba

Nimempelekea Mama Chikapa barua ya madai kwa Bambo Msosa (bambo huku ni bwana). Mama alikuwa anakula embe juu ya gazeti. Alisoma bila kuigusa.

"Mteja ameomba nini?"

"Nyumba, Mama. Au fungu lake katika nyumba. Sheria ya mirathi inampa."

"Najua inampa nini. Nimekuuliza ameomba nini."

"Nyumba," nikasema haraka.

Akanawa mikono, akatia sahihi, akapiga muhuri. Kwenye korido Twaibu akanishika mkono wa shati.

"Sista, mkwe huku hadai nyumba. Ni kama kutoka bafuni ukadai maji uliyooga."

"Ndiyo maana wanaume wa huku mnanyang'anywa kila kitu huku mnacheka," nikamjibu.

Hakucheka. Si kawaida yake.

12 Desemba

Barua imepelekwa. Kesho nasafiri nyumbani, kama daraja la huko bado lipo.

8 Januari

Sijui nianzie wapi. Nimerudi jana, leo asubuhi nikamkuta Bambo Nampuntha kwenye benchi, amelowa chapachapa, kofia mkononi inachuruzika. Nilidhani amekuja kutoa shukrani. Kwa kweli nilidhani hivyo.

"Binti yangu," alisema, "ile karatasi mliyopeleka. Mnaweza kuirudisha?"

Tangu mkewe azikwe, Eneless alikuwa analala kwa bibi yake, mama wa marehemu, na kila jioni alimletea baba yake nsima, ugali wa huku, na mboga. Alikaa naye akamsomea masomo ya shule, akachukua sahani, akarudi. Siku barua ilipofika, Msosa aliisoma mbele ya watu. Jioni ile nsima haikuja. Wala kesho yake. Krismasi alijipikia mwenyewe. Alipokwenda mwenyewe kwa bibi, akaambiwa mlangoni kwamba mtu anayewashitaki wenye mtoto hana mtoto pale. Alimwona Eneless nyuma ya nyumba, anapepeta mahindi, na mtoto hakuinua uso.

"Aliambiwa asiinue," alisema. "Ana utii yule."

Nilikwenda kwa Mama Chikapa. Nilitegemea kufokewa, na ingekuwa heri. Alisikiliza, akasema, "Sahihi ile ni yangu pia. Mlete ndani." Kisha akanyoosha mkono. "Na kalamu yako nipe mimi."

Nikakaa mbele ya mteja wangu mikono mitupu. Mama akakaa pembeni, Twaibu akachemsha chai. Mama akasema, "Bambo, tuanze upya. Siku ile ulikuja kuomba nini?"

Akaanza tena na siku ya kuposa. Safari hii hakuna aliyemkatiza, na ndipo nikaelewa kwa nini anaanzia pale. Ndoa huku husimama juu ya watu wawili, msemaji wa upande wa mume na msemaji wa upande wa mke. Wanamwita nkhoswe. Ni kama mshenga, ila kazi yake haiishi siku ya harusi: mkigombana anaitwa, mtoto akiugua anaitwa, mmoja akifa anaitwa ili amfungue aliyebaki. Mjane au mgane asiyefunguliwa bado amefungwa kwa marehemu. Haoi, haondoki kwa heshima, na akija kuwaona wanawe anaonekana mzururaji. Akifunguliwa vizuri ni mkwe bado, anapokewa na kuwekewa maji ya kunawa.

Nkhoswe wa Bambo Nampuntha alikuwa mjomba wake, yule niliyempa pole nikauliza vyumba. Alipokufa hakubaki mtu. Msosa alisema wazi, "Tutamfunguaje mtu asiye na msemaji? Tumkabidhi kwa nani?" Na kwa kuwa hafunguliki, basi aondoke tu, kama anavyoondoka mbwa.

"Sokoni waliniambia," alisema Bambo Nampuntha, "chuoni kuna watu wanawasemea wasio na wa kuwasemea. Ndiyo nikaja."

Basi. Hilo tu. Alikuja kutafuta msemaji, akapata mtu asiyemwacha aseme.

9 Januari

Mvua haikukatika usiku kucha wala mchana. Nimekosa vipindi viwili.

Nimekuwa nikimfikiria mama yangu. Kwetu yeye ndiye aliyehamia. Baba alipofariki, baba zangu wadogo walikaa sebuleni wakapanga nyumba iwe ya nani, na mama akawa anawapitishia chai. Sikuwahi kujiuliza nani alimsemea mama. Niliona ni kawaida. Nimefika Zomba nikaona mwanaume yuko mahali pale pale alipokuwa mama, nikasema huku wamepotoka! Hasira zote zile juu ya nyumba ya Bambo Nampuntha sidhani zilikuwa zake.

15 Januari

Barua imefutwa kwa barua nyingine. Mama Chikapa ametufanya tumweleze mteja kila mlango ulio wazi, hata ule tusioupenda. Nikamwambia kwamba mahakama inaweza kuamuru apewe nafasi ya kumwona mtoto, na kwamba fungu lake katika nyumba lipo hata akilikataa leo.

"Polisi watamleta?" akauliza.

"Ikilazimu."

"Basi atakuwa ameletwa na polisi," akasema. "Atakuja akinitazama kama watu walivyoitazama ile karatasi. Hapana. Mimi nataka mjomba wake aseme 'nenda kwa baba yako'. Amri hiyo mahakama yenu inayo?"

Mama alisema haina.

27 Januari

Matope, malaria bwenini. Twaibu ameugua, na chumba cha kliniki kimekuwa kimya mno. Sikutegemea kuandika hivyo.

6 Februari

Tulikwenda Namilonje, sisi wawili na mteja, baiskeli za kukodi zikatuacha kwenye mto tukavuka kwa miguu. Chifu wa kijiji ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kunguruma, wanamwita Mama Namilonje. Alitusikiliza huku anapukuchua maharage.

"Mjomba wake alikufa, kweli," alisema. "Na mtu asiye na mjomba wala kaka karibu anaweza kuazima msemaji, ilishafanyika. Mimi nitawakalisha. Ila Msosa ana uchungu. Yule marehemu ndiye dada aliyemlea. Hasira zake msizichukue kuwa ni za nyumba tu." Akamgeukia Twaibu. "Wewe ndiye utakayesema?"

"Kama Bambo atapenda, Mama."

Tulidhani imeisha. Bambo Nampuntha akakohoa. "Huyu kijana ni mzuri, lakini anacheka hovyo. Nataka huyu binti."

"Mimi?" nikasema. "Baba, mimi ndiye niliyeharibu!"

"Ndiyo. Hutarudia."

Chifu alicheka mpaka maharage yakamwagika. Kurudi, Twaibu alinitania njia nzima, akinifundisha jinsi ya kukaa kwenye mkeka na lini niangalie chini. "Na ukiona wanacheka usikasirike, Wakili wa Ng'ombe. Wakicheka wamekubali kukusikia." Nimeyaandika yote aliyosema, na nimemshukuru, jambo ambalo lilimnyamazisha mpaka mjini.

22 Februari

Nimerudi, nimeoga, sina usingizi hata chembe.

Mikeka miwili, mmoja ukiutazama mwingine. Upande wao Msosa, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi, na nyuma yake wanawake wa ukoo wake wote. Upande wetu mimi, Bambo Nampuntha, dada yake aliyetoka Phalombe usiku, na Twaibu. Mama Chikapa alikaa nyuma kabisa na akina mama, na alikuwa ameniambia asubuhi, "Ukinitafuta kwa macho hutanipata."

"Nani anamsemea huyu?" akauliza chifu.

"Mimi."

Vicheko. Bibi mmoja akasema, "Huyu? Hata mtoto mgongoni hajawahi kubeba!"

"Na mimi nilipopewa kiti hiki mlisemaje?" akanguruma chifu. "Nyamazeni. Msosa, sema."

Msosa alinitazama bila haraka. "Juzi mlituletea karatasi yenye muhuri. Leo mmekuja na adabu. Mtu wako anataka nini?"

"Anataka afunguliwe, Baba. Nyumba haidai. Yale ya kwenye karatasi yalikuwa maneno yangu, yeye hakuyasema."

Minong'ono nyuma yake. Akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Tunamfungua. Aende kwao. Mtoto ni wetu, atabaki, na yeye asirudi kutuzungukia hapa."

Nilihisi mteja wangu anapungua kando yangu. Kichwani vifungu vya sheria vilisimama vyote kwa pamoja, vimejipanga, na najua ningeweza kuvisema bila kukosea hata kimoja. Nikamwinamia. "Baba, nisemeje?"

"Sema nataka kumwona mwanangu," akanong'ona. "Usiwatishe."

Nikaviacha vifungu. Kisha nikamuuliza Msosa, "Baba, leo asubuhi umetoka wapi?"

"Nimetoka nyumbani."

"Nyumbani ni hapa Namilonje?"

"Hapa ni kwa dada zangu. Mimi nalala Makalani, kwa mke wangu."

"Na nyumba ya Makalani alijenga nani?"

Bibi yule yule akapiga kofi gotini. "Wewe! Umekamatwa, Msosa!" Wanawake wakaangua kicheko, na nikakumbuka nisikasirike.

"Sikuulizi ili uchekwe, Baba, wala kukudhihaki," nikasema. "Kwetu sisi mama ndiye huhamia. Mama yangu alikuwa mahali pa huyu na hakuna aliyemsemea. Naomba tu kujua. Siku na wewe utakapokaa kama huyu, huko Makalani, ungependa wajomba wa watoto wako wakuambie nini?"

Vicheko vilikwisha kimoja kimoja. Mvua ilikuwa inatishia, mtu akaanza kukunja nguo za kamba ya karibu. Msosa alikuwa anamtazama shemeji yake sasa, si mimi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Hukumpeleka hospitali mapema," akamwambia.

"Alikataa," akasema Bambo Nampuntha. "Unamjua. Alisema amalize kuvuna. Nilimwomba, akanifukuza kwa mwiko wa nsima."

Msosa akafunika macho kwa kiganja. Mabega yakatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu akawa analia kweli. "Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Ndivyo alivyokuwa huyo mwanamke."

Tulimwacha. Hata chifu alimwacha. Alipofuta uso alisema mtoto atakwenda kwa baba yake likizo za shule, apelekwe na arudishwe, na baba akija Namilonje apite mlangoni kama mkwe. Kisha akasimama, akampa mkono Bambo Nampuntha. "Umetutunzia dada yetu. Nenda, njia ni nyeupe." Akamgeuza kwa mabega akanikabidhi mimi, kwa kuwa ndiye msemaji, na nikampokea mtu mzima aliyenizidi kwa umri mara mbili, nikamkabidhi kwa dada yake.

Nililia. Twaibu aliona, na hakunitania.

1 Machi

Bambo Nampuntha alipaswa kuondoka jana. Aliomba siku moja. Tulipofika kumsaidia mizigo tukamkuta juu ya ngazi, anapigilia upya misumari ya bati.

"Baba," nikasema, "unatengeneza nyumba ya watu?"

"Ya Eneless. Akikua, mumewe atakuja kuishi humu." Akatoa msumari mdomoni. "Namhurumia tangu sasa mtu huyo. Atakuwa mgeni, hajui wa kumwambia shida. Angalau asilowe."

Tukamshikia ngazi. Eneless alikuwa chini anampasia misumari, anaongea bila kukoma. Sikujua kwamba ni msemaji kiasi hicho.

9 Machi

Ripoti ya kliniki. Kuna sehemu inayouliza mteja amepata nini. Nimeandika: amepoteza nyumba, kwa hiari yake, akijua haki yake. Amefunguliwa. Anamwona mtoto. Mama Chikapa amezungushia neno "kwa hiari" kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Una hakika? Umemuuliza?" Nimemuuliza. Nimejibu hivyo chini yake, safari hii bila haraka.

11 Aprili

Mvua zimekatika. Nilikuwa nafunga mlango wa kliniki baiskeli ikasimama mbele ya benchi. Msosa, jasho tupu, na nyuma yake Eneless amekumbatia kifurushi cha nguo.

"Wakili!" akaita. "Njoo uone kwa macho yako. Nampeleka Phalombe. Usije ukasema hatumleti."

"Baba, safari yote hiyo mwenyewe?"

"Nimpe nani? Barabara ina malori." Eneless akaniambia baba yake amemfyatulia matofali ya nyumba ya kuchezea, na huko ana kuku, na kuku ana jina. Msosa alimsubiri amalize. Kisha akaniita karibu na usukani, akashusha sauti.

"Lile uliloniuliza siku ile. La Makalani." Alikuwa anakwangua kutu kwenye breki kwa ukucha. "Mimi pia mjomba wangu alikwisha kufa. Nimehesabu, sioni mtu. Ukimaliza masomo utakwenda mbali?"

Nilimwambia popote nitakapokuwa, akinipelekea neno, nitakuja. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia mtoto ashike vizuri, akakanyaga pedali kuelekea barabara ya Phalombe.